Tulivyompeleka Mama Zaina hadi Kama

Wenzangu wa Kisangani na Bukavu, mmenipigia simu kwa zamu mkiuliza lile lile. Ile picha ya miguu miwili inayochomoza chini ya gari, katikati ya msitu, huku mwanamke mmoja amesimama kando na vipande vya mianzi mkononi kama anayetaka kumchapa mwenye miguu, ilikuwa picha ya nini? Miguu ni yangu. Mwanamke nitamfikia. Kwenye simu nimeshindwa kueleza, maana mtandao wa huku kwetu Kindu una tabia ya kukatika pale pale penye utamu. Basi kaeni, niwasimulie toka mwanzo.

Uani kwetu

Safari ilianza na mgongo wa Mama. Mama Zaina ana mdogo wake mmoja tu aliyebaki duniani, Feza, ambaye mimi namwita mama mudogo. Anaishi Kama, kule Pangi kwa wachimba dhahabu. Tangu wakati wa vita hawajaonana. Kwa miaka mingi hatukujua hata kama yu hai. Halafu mnara wa simu ukasimikwa upande ule, na siku moja Mama akapokea namba asiyoijua, akasikia mtu anacheka kabla ya kusalimu. Hakuuliza ni nani. Alikaa chini palepale jikoni, sombe yake ya majani ya muhogo ikaungua, na hakuna aliyemlaumu.

Wakaongea kwa simu mwaka hadi mwaka. Lakini nuru ya macho ya Feza ikaanza kupungua, na kila alipopiga alimwita yaya, dada mkubwa, akaongeza neno moja mwishoni: "Yaya, kuja nikuone, ningali ninaona."

Watu wetu wanakwenda Kama kwa pikipiki. Mama hawezi. Mgongo wake ukitikiswa kutoka nyumbani hadi sokoni tu, analala siku nzima na chupa ya maji ya moto. Lililobaki lilikuwa gari la marehemu Baba, lile refu lenye viti vya safu tatu, ambalo nyinyi nyote mmewahi kulisukuma.

Wakati wa vita Baba aliona magari ya majirani yakichukuliwa na watu wenye bunduki, leo kundi hili, kesho kundi lile. Akalipandisha letu juu ya magogo, akang'oa magurudumu, akang'oa na ile mikono ya chuma inayoshika ekseli ya nyuma, akaificha ghalani chini ya mpunga. "Gari bila miguu haina mwizi," alisema. Walikuja kweli. Wakalizunguka, wakalipiga teke, wakaenda zao.

Hali ilipotulia, raba za mikono ile zilikuwa zimekauka na kupasuka. Treni haikuwa inafika, na mji mzima haukuwa na kipuri. Mimi nilikuwa msichana wakati huo. Baba akaniketisha karibu yake, tukakata viringo kutoka tairi la kamyo la mizigo, kwa kisu na maji ya sabuni, tukavipachika mahali pa raba. Vilishika. Vikichoka, tulikata vingine. Gari likatembea hivyo miaka na miaka, likilia ko-ko-ko nyuma, likienda upande kidogo kama kaa. Majirani wakalibatiza jina: Mgonjwa.

Sasa nikamwambia mdogo wangu Amisi, fundi cherehani, kwamba tukimpakia Mama ndani ya Mgonjwa kama alivyo, tutamfikisha Kama vipande vipande. Nikaagiza raba mpya. Mafundi wetu wanaziita silembloki: bomba dogo la chuma ndani, bomba kubwa nje, na raba nene katikati inayomeza mshtuko wa barabara. Zilipofika kwa treni kutoka kusini, Amisi alizigeuzageuza mkononi akasema, "Hivi tu? Miye nilifikiri ni kitu kikubwa."

Kufunga kitu kipya si kazi. Kazi ni kutoa cha zamani. Tuliliinua gari uani, tukaweka magogo, tukafungua bulo, yaani bolti, kwa bomba refu lililotiwa mwisho wa spana, Amisi akining'inia juu yake kama popo. Vile viringo vya tairi vilikuwa vimeshikana na chuma kama ndugu. Tulipiga nyundo. Tulikata kwa msumeno wa chuma. Mwishowe tukawasha moto, na moshi mweusi ukapita juu ya ukuta hadi kwenye kanzu nyeupe za jirani yetu, zilizokuwa kwenye kamba zikingoja sala ya Ijumaa. Alikuja kutugombeza, akaishia kushika upande wa pili wa mkono wa chuma.

Mpya ziliingia kwa maji ya sabuni na bulo ndefu: unakaza taratibu, raba inavutwa ndani huku ikilia kama mtoto anayeogeshwa. Ilikuwa kazi nzuri. Kosa letu lilikuwa mawingu. Mvua ilikuwa inavuka mto, tunaiona, na Amisi anapiga kelele, "Kaza, yaya, kaza!" Nikakaza kila kitu magurudumu yangali yananing'inia hewani. Ndipo tukashusha gari, tukakimbilia barazani.

Kesho yake tukalizungusha mtaani. Kimya kitupu nyuma. Jirani akatoka mlangoni, kanzu imefuliwa upya, akauliza, "Mugonjwa amepona ao amekufa?"

Ng'ambo ya Lualaba

Barabara ya Kalima, njia ya kwenda Kama, inaanzia ng'ambo, Alunguli, kwa hiyo kwanza ni kivuko. Kivuko kilikuwepo, mafuta yake hayakuwepo. Tukaambiwa yanakuja. Tukatandika mkeka kando ya gari, Mama akaketi, na kwa kuwa hana uwezo wa kukaa na siri, kila aliyepita aliambiwa tunakwenda Kama kwa mdogo wake.

Hilo lilikuwa kosa jingine. Gari linalokwenda Kama ni posta. Wa kwanza alileta furushi la samaki wakavu kwa kaka yake. Wa pili, mabati mawili yaliyokunjwa. Akaja mama mmoja na cherehani nzima, ya kukanyaga kwa miguu, na meza yake ya chuma.

"Ni ya binti yangu," alisema. "Ameolewa kule, anashona na mikono tu."

Nilitaka kukataa. Lakini Amisi ni fundi cherehani, na habari ya mtu kushona kwa mikono ilimchoma moyo. Akaifunga juu ya paa mwenyewe, kwa heshima, kama anayefunga jeneza la mkubwa. Mgongo wa gari ukashuka. Nikaangalia nyuma, nikajiambia silembloki mpya zitabeba.

Kivuko kilipoanza kutembea, Mama aligeuka nyuma polepole. Nilidhani ni mgongo. Akanyoosha kidole kwenye mchanga wa upande tuliotoka.

"Ni hapa," alisema. "Feza alipanda mutumbwi hapa. Mume wake alisema ataenda kwa watu wake Kama, kwa miguu, ndani ya pori, sababu mjini hakuna chakula. Feza aliniambia, yaya, nitarudi mpunga ikivunwa. Nilimupatia kijiko cha chumvi ndani ya kitambaa. Haikuwa na kitu kingine."

Mtu mmoja mwenye mbuzi, aliyekuwa ameegemea mlango wetu bila kualikwa, akasema taratibu, "Chumvi ya wakati ule, mama, ilikuwa dhahabu." Mama akamtazama, akamkatia kipande cha kwanga, mkate wetu wa muhogo. Wakala wote watatu, yeye, yule mtu na mbuzi.

Mbao na matope

Hadi Kalima tulikwenda vizuri. Tulilala kwa jamaa wa Mama, tukala wali wa kwetu na sombe ya mawese, Mama akasema imepungua chumvi, na wenyeji wakafurahi maana walijua kwamba amekula vya kutosha ndiyo maana anasema.

Baada ya Kalima ndipo barabara ilipoanza kutuonyesha meno. Kuna madaraja ya magogo ambayo magogo yake yamekwenda kutembea. Amisi anayaogopa. Alikuwa anashuka, anatangulia kinyumenyume, ananiongoza kwa mikono miwili, na mkono mmoja ukisema kulia, wa pili unasema kushoto. Kwenye daraja moja nilisimama katikati, sijui nimfuate mkono upi. Nyuma yetu alikuwa mtu wa baiskeli mwenye madumu ya mawese, amevumilia muda mrefu. Akaita:

"Mama shofere! Usimuangalie ule. Angalia mbao!"

Nikaangalia mbao, tukapita. Mtu wa baiskeli akatupita pia, anacheka, na Amisi hakumpa hata salamu.

Ilikuwa baada ya hapo, kwenye shimo ambalo halikuonekana hata baya, ndipo nikasikia nyuma: ko. Mara moja. Halafu ko-ko. Halafu sehemu ya nyuma ya gari ikaanza kuchagua njia yake yenyewe. Mimi nikikata kulia, yenyewe inafikiri kwanza.

Nikaingia chini. Silembloki ya kushoto ilikuwa imechanika, raba imejitenga na chuma kama nyama iliyoiva na mfupa. Nikalala pale nikiitazama, na nikaelewa. Raba ile inatakiwa kukazwa gari likiwa limesimama kwa miguu yake, limebeba uzito wake. Ukiikaza gari likiwa juu, unaifunga katika mkao usio wake, na ukishalishusha inabaki imejipinda siku zote, ikingoja shimo la kuimaliza. Ile ya kulia ilikuwa nzima bado, lakini nayo imeanza kupasuka ukingoni. Mvua ya Kindu ndiyo iliyotukimbiza. Na cherehani juu ya paa haikusaidia.

"Shida ni nini?" Mama aliuliza dirishani.

"Mukono ya nyuma imevunjika raba," Amisi alijibu kwa sauti kubwa.

Wachimbaji wachache walikuwa wanapita kwa miguu. Walisikia. Mmoja akasema kijiji hakiko mbali, watatuitia mtu. Tukashukuru.

Mwenye mkono uliovunjika

Sijui maneno yalibadilika kwenye kilima gani. Tulikuwa tumekaa, Mama kwenye mkeka, tunachoma ndizi, aliposhuka mwanamke mmoja mwenye mwili mkubwa, anakimbia, kitenge amekifunga juu ya magoti, amebeba vipande vya mianzi, kamba na majani.

"Iko wapi?" aliuliza, pumzi juu juu.

"Iko wapi nini, mama?"

"Muntu! Wamesema muntu amevunjika mukono."

Nilimwonyesha. "Ni mukono ya gari, mama."

Akanitazama. Akatazama gari. Akatazama mianzi yake. Alikuwa Mama Wabiwa, mfungaji mifupa wa kijiji kile, na baadaye niliambiwa watu wanamletea majeruhi kutoka mashimoni, safari ya siku nzima.

"Gari," alisema.

"Ndiyo."

"Miye nimeacha mihogo kwa moto, nimekimbia kilima nzima, sababu ya gari?"

Hapo ndipo nilipoona ni salama zaidi kurudi chini ya gari, na hapo ndipo Amisi, badala ya kunitetea, alitoa simu yake akapiga picha mnayoijua.

Aliyetuokoa ni Mama. "Mama mwenzangu," aliita kutoka mkekani, "usirudi bure. Mugongo iko hapa."

Mama Wabiwa akageuka. Akapiga magoti, akamgusa Mama uti wa mgongo kidole kwa kidole, hasira ikamwisha usoni kama maji yanavyoingia mchangani. Akaomba mafuta. Akaanza kumkanda, na Mama akapiga kelele za kwanza, kisha akaanza kumwuliza ana watoto wangapi na wameolewa wapi. Nikajua kwamba kukandwa kunamfaa.

Mumewe alifika baadaye, akimfuata mke kwa mwendo wa kawaida. Papa Mutuza, mtengenezaji wa viatu vya matairi.

"Papa, ninatafuta raba," nilimwambia.

"Raba iko. Ya mguu gani?"

"Ya nyuma, kushoto."

Akauangalia mguu wangu wa kushoto kwa muda, kwa huruma, kama anayetafuta ulemavu wenyewe. Ilibidi nimvute aingie chini ya gari. Alipoona, alicheka hadi akagonga kichwa kwenye ekseli.

Akaenda kuleta tairi na kisu. Nikamchorea kwenye matope jinsi Baba alivyokuwa anakata: viringo vyembamba vingi, vinavyopangwa kimoja juu ya kingine kuzunguka bomba la ndani, si kipande kimoja kinene. Yeye alitaka kipande kimoja. Tukabishana. Tukakata chake, kikapasuka tulipokipachika. Tukakata vyangu, vikawa vyembamba mno, vikateleza. Mwishowe tulichukua ubavu wa tairi, palipo na nyuzi ndani, tukakata vyangu kwa unene wake, na tulipovigonga vikaingia vikigoma, nilisikia harufu ile ya uani kwetu: raba, sabuni, jasho. Baba hakuwepo. Lakini mikono yangu ilijua pa kushika bila kuiambia, na nilikaa kidogo chini ya gari kabla ya kuomba spana.

"Sasa tushushe kwanza," nilisema. "Hatukazi kitu mpaka gari lisimame. Na lisimame na uzito."

Upande wa kulia nikalegeza bulo pia, ukae upya. Wachimbaji walikuwa wamerudi kutazama majeruhi. Tukawaomba wapande. Wakajaza viti, Mama Wabiwa akaingia mbele, Mama yangu katikati kwa heshima, na mimi mtaroni chini ya gari na spana.

"Musicheke!" Amisi aliwaamuru. "Mukicheka inatikisika!"

Wakacheka, bila shaka. Nilikaza bulo gari likitikisika kwa vicheko vya watu ambao sikuwajua asubuhi yake.

Tulilala kijijini. Mihogo ya Mama Wabiwa ilikuwa imeungua kweli, kwa hiyo tulikula ndizi na asali, na Papa Mutuza alikataa malipo. Alitaka tu kipande kile cha silembloki kilichochanika, akakaa nacho jioni nzima, akikibonyeza, akisema kazi ya kiwanda nayo siyo mbaya.

Kama

Tuliingia Kama polepole, gari likiwa kimya, matope hadi madirishani. Kabla sijazima injini tulikuwa tumezungukwa. Samaki walichukuliwa na mwenyewe. Mabati yalichukuliwa na mwenyewe. Msichana wa cherehani alikuja na utepe wa kupimia shingoni, akaona ile meza ya chuma juu ya paa, akakaa chini barabarani akaanza kulia. Amisi alijifanya anafungua kamba iliyokwama, ili asionekane uso.

Mimi sikuona haya yote vizuri, maana nilikuwa nikitazama mlango mmoja wa udongo. Mama mudogo Feza alisimama pale, mdogo kuliko nilivyomkumbuka, kichwa ameinamisha kama mtu anayesikiliza mvua ya mbali. Anaona bado, lakini kama anayechungulia kupitia kitambaa.

Mama alikataa mkono wangu. Alishuka mwenyewe, akatembea mwenyewe. Feza alisikia hatua, akanyoosha mikono, akamshika uso, akamvuta hadi penye mwanga, karibu kabisa, pua kwa pua. Alimwangalia muda mrefu.

"Kumbe umezeeka hivi!" alisema.

"Na weye?"

"Miye? Siwezi kujiona tena. Kwa hiyo sijazeeka."

Na wakacheka, wote wawili, kicheko kile kile kimoja kilichogawanywa mara mbili, wameshikana mashavu, mpaka kicheko kikageuka kuwa kitu kingine, na majirani wakaanza kuondoka mmoja mmoja kwa adabu.

Tulikaa siku kadhaa. Sikuwahi kumsikia Mama akiongea hivyo. Walikuwa wanaanza asubuhi kabla ya chai, wakitaja watu waliokufa kana kwamba wanawasengenya walio hai, na mgongo sikuusikia ukitajwa hata mara moja. Asubuhi ya kuondoka nilipakia vitu vyetu, Amisi akachungulia chini ya gari kwa mara ya kumi, nikaenda kumwita Mama. Alikuwa barazani na Feza, wanachambua mchele kwenye ungo mmoja, vichwa vimegusana.

"Mama, tuko tayari."

"Muende vizuri," alisema.

Nilifikiri hakunisikia. "Mama, tunarudi Kindu."

"Nimesikia. Muende. Miye ninabaki mpaka mpunga ivunwe."

Nikaangalia shamba nyuma ya nyumba. Lilikuwa ardhi tupu, hata halijalimwa.

"Mpunga gani, Mama?"

"Ule tutapanda."

Nilibishana. Nilitaja dawa zake, nyumba yake, majirani, hata kuku wake. Amisi alijaribu pia, kwa sauti yake ya kubembeleza wateja. Mkono wa Feza ulikuwa juu ya goti la Mama, na haukutoka pale. Mama alinisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Mwanangu," alisema, "mulinileta vizuri, aksanti sana. Lakini hakuna hata mumoja aliniuliza kama nitarudi."

Nilimtazama Amisi, Amisi akanitazama mimi. Ilikuwa kweli. Hatukumwuliza.

Basi tukampa dawa, nguo, mto wake na ile chupa ya maji ya moto. Tukambusu, akatubariki haraka haraka kama mwenye kazi inayomngoja. Niliketi kwenye usukani, nikatazama kwenye kioo kile kiti cha katikati, kitupu, bado kina alama ya mtu aliyekaa. Nikawasha gari. Nilipiga honi tulipofika njiani. Mama aliinua mkono bila kugeuka, kama anayefukuza nzi, akaendelea kumsimulia mdogo wake.